Dirisha lilisema "Imekamilika"

Faili lililonivua nguo liliitwa Asha & Juma.mp4.

Kazi yenyewe nilipewa na studio moja ndogo ya video za harusi mjini Morogoro. Mwenye studio ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na kitu, namwita Kaka; yeye ananiita fundi, jina lile lile analomwita anayemtengenezea bomba. Shida yake haikuwa ngumu kuieleza. Video ikitoka kwenye kamera ina magigabaiti kibao, na bi harusi wa siku hizi hataki DVD. Anataka kitu kitakachopita WhatsApp na kufunguka kwenye simu ya shangazi yake kijijini. Kijana wa studio alikuwa anafungua programu kubwa ya kuhariri kwa ajili ya kupunguza tu, anachagua vipimo, anakaa kusubiri. Mimi nilijua ffmpeg, programu ya kubadilisha video inayoendeshwa kwa amri za kuandika, inaifanya kazi hiyo kwa mstari mmoja wa amri. Kilichotakiwa ni dirisha lenye kitufe, kwa sababu huwezi kumwambia kijana wa studio aandike -vf scale=-2:720 -crf 26 huku wateja wamesimama mlangoni.

Nikamwambia Kaka siku tatu. Ikawa karibu miezi miwili, na katika miezi hiyo ffmpeg yenyewe haikunisumbua sana. Muda mwingi uliishia kwenye kile kinjia kifupi kati ya kitufe na amri.

Toleo la kwanza nililiandika usiku mmoja kwa lugha ya Python na Tkinter, zana yake ya kuchora madirisha. Kitufe kilikuwa kinaunganisha maneno ya amri na jina la faili, kinayapa os.system iyaendeshe, halafu dirisha linaandika "Imekamilika". Nilikuwa nimelijaribu kwa mafaili yangu: jaribio1.mp4, jaribio2.mp4. Kesho yake nikabeba laptopu yangu ya Ubuntu, aina ya Linux, hadi studio, Kaka akachomeka flashi, akachagua video ya wikiendi iliyopita, akabonyeza. Palepale: "Imekamilika".

"Duh, fundi! Hii ni kasi gani?" Akamwita na kijana aje aone.

Folda ilikuwa tupu.

Ukiandika amri kama sentensi moja ndefu na kuipitisha kwenye sheli, yaani programu inayosoma amri za kuandika, kama os.system inavyofanya, sheli inaisoma kwa sheria zake. Alama ya & kwake maana yake ni "iache hii iendelee pembeni, anza nyingine". Kwa hiyo ffmpeg iliambiwa itafute faili linaloishia na neno Asha, ambalo halipo, na baada ya hapo sheli ikajaribu kuendesha programu inayoitwa Juma.mp4. Zote mbili zilishindwa, na os.system ilirudisha namba ya kushindwa kama inavyopaswa. Mimi sikuiangalia. Niliandika "Imekamilika" kwenye mstari unaofuata bila kuuliza imekamilika vipi. Na fikiria ni studio ya nini: ya harusi! Kila faili pale lina & katikati.

Nilirudi nyumbani nikazungushia jina alama moja moja za kunukuu, na Asha na Juma wakapita. Siku ya pili kijana akaleta kipande cha siku ya mahari, Mahari - ng'ombe wote.mp4. Terminali ikalalamika kwamba nukuu haijafungwa. Ule mkato wa ng' ndio uliofunga nukuu yangu katikati ya ng'ombe. Hapo nilicheka peke yangu. Nimesoma mafunzo mengi ya Python, na kila mahali wanaonya kuhusu majina yenye nafasi. Hakuna aliyewahi kumwazia mtu ambaye lugha yake ina ng'ombe, ng'ambo na kung'aa.

Dawa ilikuwa kuacha kabisa kuipitia sheli. Moduli ya subprocess, iliyoingia Python tangu toleo la 2.4 mwaka 2004, inapokea amri kama orodha: kila neno ni kipengele chake, na jina la faili linafika kwa ffmpeg herufi kwa herufi, liwe na ng'ombe, & au nafasi nne.

```python
amri = ["ffmpeg", "-i", chanzo, "-vf", "scale=-2:720",
        "-c:v", "libx264", "-crf", "26", "-c:a", "aac", lengo]
matokeo = subprocess.run(amri)
if matokeo.returncode != 0:
    ...
```

Tangu siku hiyo nikiona shell=True, chaguo linalorudisha amri kwenye sheli, kwenye kodi ya programu yangu nauliza mara mbili imefuata nini. Si suala la majina ya harusi peke yake. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kulipa faili jina lenye nukta-mkato na amri ya kufuta, na sheli italitii.

Nikaridhika. Nikawaachia laptopu yangu wikiendi nzima waitumie, mimi nikaenda msibani. Jumatatu nikakuta mashine inapuliza hewa ya moto kama pasi. Kijana akaniambia kwa upole, "Programu yako inakufa kila nikibonyeza."

Haikuwa inakufa. Tkinter inazunguka ndani ya mainloop: inaangalia panya, inaangalia kibodi, inachora upya, inarudi mwanzo. Kitufe kikibonyezwa, kazi yake inafanyika ndani ya mzunguko huo huo. Subprocess.run nayo hairudi mpaka ffmpeg imalize, na video ya ukumbini ya saa mbili haiishi kwa dakika moja. Muda wote huo hakuna anayechora dirisha. Ubuntu ikaona dirisha halijibu, ikamuuliza kijana kama alifunge kwa nguvu. Akafunga. Akafungua tena, akajaribu video nyingine ndogo, nayo vile vile. Ya tatu pia.

Asichokijua, na mimi pia nilikuwa sijawahi kukifikiria, ni kwamba kumuua mzazi si kumuua mtoto. Dirisha lilifungwa lakini ffmpeg iliyozaliwa nalo iliendelea na kazi yake. Nilipofungua htop, inayoonyesha programu zinazoendelea kwenye mashine, nilizikuta tatu zinagombania kichakataji, kila moja na harusi yake, na hakuna dirisha lolote la kuzisimamia. Jambo la kuchekesha ni kwamba zilipomaliza, video zote tatu zilikuwa nzima.

Basi nikaihamishia amri kwenye uzi mwingine wa utekelezaji, threading.Thread, ili mainloop iendelee kupumua. Hapo nikafanya kosa ambalo naona kila anayeanza analifanya: nikaacha uzi huo uandike wenyewe kwenye lebo na kusogeza mstari wa maendeleo. Mara nyingi inafanya kazi. Ndiyo ubaya wake. Halafu siku moja unapata RuntimeError inayosema uzi mkuu haumo kwenye mzunguko mkuu, au dirisha linaganda bila neno. Sasa hivi sheria yangu ni kwamba uzi wa pembeni haugusi kitu chochote kinachoonekana. Unatupa ujumbe kwenye queue.Queue, na dirisha lenyewe linachungulia foleni kila baada ya milisekunde 100:

```python
def chungulia(self):
    try:
        while True:
            aina, kitu = self.foleni.get_nowait()
            self.pokea(aina, kitu)
    except queue.Empty:
        pass
    self.dirisha.after(100, self.chungulia)
```

Kaka alipoona dirisha haligandi tena, akataka asilimia. "Nione imefika wapi, fundi, nijue kama nina muda wa kwenda kula." Haki yake. Na hapo ndipo nilipotumia wiki mbili ninazozikumbuka kuliko zote.

Ffmpeg ina chaguo la -progress pipe:1, linaloifanya itoe maendeleo kwa mistari safi ya jina na thamani kwenye stdout, mkondo wa matokeo. Urefu wa video mzima unaupata mapema kwa ffprobe, mwenzake ffmpeg wa kukagua faili, unagawanya, unapata asilimia. Nikaianzisha ffmpeg kwa Popen ya subprocess, ambayo haisubiri imalize, stdout nikaipa PIPE, yaani bomba la kuileta kwenye programu yangu, na stderr, mkondo wa makosa, nikaipa PIPE pia, nikijiambia kwamba kukitokea kosa nitaisoma mwishoni. Uzi wangu ukawa unasoma stdout mstari kwa mstari.

Kwanza mstari wa maendeleo uliruka hadi mwisho sekunde ile ile ya kuanza. Kumbe thamani inayoitwa out_time_ms, ambayo kwa jina ungeapa ni milisekunde, inatoka kwa maikrosekunde. Ni kosa la zamani la ffmpeg ambalo limeachwa hivyo hivyo, na pembeni yake kuna out_time_us yenye jina la kweli. Nikahamia huko, hilo likaisha kwa dakika kumi.

Lililofuata halikuisha kwa dakika kumi. Vipande vifupi vilipita bila shida. Video ndefu zilifika mahali zikasimama: dirisha liko hai, kitufe kinabonyezeka, lakini asilimia imelala na kichakataji kimepoa. Moja ilisimama kwenye 14, nyingine kwenye 31, nyingine kwenye 22. Nikadhani video zimeharibika. Nikazipitisha moja moja kwenye terminali kwa mkono, zikapita zote. Nikabadilisha toleo la ffmpeg. Nikalaumu flashi. Siku ya nne, kwa sababu ya kukata tamaa zaidi kuliko akili, nikaweka simu mezani na kupima muda. Asilimia zilitofautiana, lakini saa haikutofautiana: kila video ilisimama kati ya dakika ya tano na ya sita tangu nibonyeze.

Bomba kati ya michakato miwili lina tumbo lenye kikomo. Kwenye Linux kwa kawaida ni baiti 65,536. Ffmpeg, mbali na mistari safi niliyoiomba, ilikuwa bado inaandika ule mstari wake wa kawaida wa fremu na kasi kwenye stderr, mara mbili kwa sekunde, karibu herufi mia kila mara. Piga hesabu: tumbo linajaa baada ya dakika tano na ushee. Likijaa, anayeandika anasubiri anayesoma apunguze. Mimi nilikuwa sisomi, nilikuwa nasubiri stdout iishe kwanza ndipo nisome stderr. Na stdout isingeweza kuisha kwa sababu ffmpeg imesimama ikinisubiri mimi. Tumekaa hivyo, kila mmoja anamsubiri mwenzake kwa adabu, mpaka nilipozima. Nyaraka za Python zinaonya jambo hili kwa maneno ya wazi kabisa. Nilikuwa nimezisoma, na nikaamini onyo ni la watu wengine.

Nikaongeza -nostats ili yale maneno ya pembeni yanyamaze, na mikondo yote miwili nikaiunganisha iwe mmoja, ili pasibaki mdomo unaosema bila sikio la kusikiliza:

```python
BILA_DIRISHA = getattr(subprocess, "CREATE_NO_WINDOW", 0)

def fanya_kazi(amri, foleni):
    mchakato = subprocess.Popen(
        amri,
        stdin=subprocess.PIPE,
        stdout=subprocess.PIPE,
        stderr=subprocess.STDOUT,
        encoding="utf-8",
        errors="replace",
        creationflags=BILA_DIRISHA,
    )
    foleni.put(("imeanza", mchakato))
    for mstari in mchakato.stdout:
        foleni.put(("mstari", mstari.strip()))
    foleni.put(("mwisho", mchakato.wait()))
```

Hiyo ndiyo sura ya mwisho. Baadhi ya mistari hapo iliingia baadaye na kila mmoja una kovu lake. Encoding na errors ni kwa sababu Windows ikiachwa ichague yenyewe inaweza kuchagua usimbaji wa zamani, halafu herufi moja ngeni kwenye jina la faili inaangusha uzi mzima. Hilo nimelitaja, tuendelee.

Stdin, mkondo wa kuingizia, ina hadithi. Nikiwa bado naijaribu programu nyumbani, nikiiendesha kutoka terminali, kuna jioni maendeleo yaligoma kwenye sifuri. Si dakika ya sita safari hii, ni tangu mwanzo. Nilikaa nikitazama, kisha nikarudi kwenye terminali nikabonyeza Enter tu, kama mtu anavyogonga meza. Kazi ikafa papo hapo. Kwenye kumbukumbu ya matokeo nikakuta ffmpeg ilikuwa imeniuliza swali: faili la lengo lipo tayari, niandike juu yake? Swali liliingia kwenye bomba, na kwa kuwa haliishii na mstari mpya, kitanzi changu cha kusoma mistari kilikuwa bado kinalisubiri limalizike. Jibu nalo ilikuwa inalitegemea kutoka kwenye kibodi ya terminali, kwa sababu mtoto anarithi stdin ya mzazi usipompa yake. Enter yangu ikahesabiwa kuwa hapana.

Siku hizi kabla ya kuiita amri yoyote ya nje najiuliza: hii inaweza kuuliza kitu? Kama inaweza, nalijibu swali mapema. Kwa ffmpeg nikaweka -y, yaani ndiyo kwa swali hilo, na ruhusa ya kufuta faili la zamani dirisha langu lenyewe linaiomba kwa Kiswahili kabla ya kuanza. Nikaweka na -nostdin, inayoikataza kusoma stdin, kwa usalama. Hilo la pili lilikuja kunirudi.

Wakati huo Kaka alikuwa ameshachoka na laptopu yangu, na mimi pia nilikuwa naitaka. Nikafunga programu kwa PyInstaller, zana inayoiwezesha kwenda bila Python kuwekwa, kwa chaguo la --windowed linaloondoa terminali, nikaiweka kwenye mashine ya studio ya Windows. Siku ya kwanza: kitufe hakifanyi kitu kabisa. Hakuna kosa, hakuna sauti. Ffmpeg haikuwa kwenye PATH ya mashine ile, yaani orodha ya folda inamotafuta programu, Python ikatupa FileNotFoundError, na kwa programu isiyo na terminali kosa halina pa kuandikwa. Lilipotea hewani. Sasa ffmpeg.exe inakaa kwenye folda moja na programu na naiita kwa njia kamili, na kosa lolote linaishia kwenye foleni kisha kwenye kisanduku cha ujumbe.

Siku ya pili kitufe kikafanya kazi, ila kila kikibonyezwa lilijitokeza dirisha jeusi tupu mbele ya kila kitu. Kijana, mpenda usafi, akalifunga. Ukifunga dirisha lile unamfunga na ffmpeg aliyemo. CREATE_NO_WINDOW, iliyoongezwa Python 3.7, ilimaliza jambo hilo, na ndiyo ile BILA_DIRISHA pale juu. Kwenye Linux inageuka sifuri na haidhuru.

Kisha kitufe cha "Sitisha". Kwenye Ubuntu nilikuwa nimekijaribu vizuri: mchakato.terminate(), ffmpeg inasimama, na hata kile kipande kilichokwisha kutengenezwa kinafunguka. Kwenye Windows kipande kile kilikuwa mfu. Kichezeshi kinakataa, ukiipa ffmpeg yenyewe inakuambia haikuona moov atom.

Jina la mbinu ni lile lile, tendo ni tofauti. Kwenye Linux terminate inatuma SIGTERM, ambayo ni kama kumgonga mtu begani: ffmpeg inaisikia, inafunga faili vizuri, inaondoka. Kwenye Windows inamkata mchakato pale alipo. Na faili la MP4 kwa kawaida linaandikiwa faharasa yake, hiyo moov, mwishoni kabisa. Ukikata kabla ya mwisho una megabaiti mia tano za picha ambazo hakuna anayejua zinaanzia wapi.

Ffmpeg ina njia yake ya kiungwana: ukiwa kwenye terminali unabonyeza q. Kwa hiyo nikaamua kuitumia, niandike "q" kwenye stdin ya mchakato na kusukuma kwa flush. Nikaandika, nikajaribu, haikusikia. Nikaandika tena. Saa nzima imepita ndipo nikakumbuka -nostdin yangu ya usalama: nilikuwa nimemziba masikio mwenyewe halafu namnong'oneza. Nikaiondoa, nikabaki na -y na stdin ya PIPE. Sasa "Sitisha" inatuma q, inasubiri sekunde tano, ikiona kimya ndipo inatumia terminate. Kufunga dirisha kunapita njia hiyo hiyo, ili yasijirudie ya zile harusi tatu za htop.

Na kwa kuwa kazi iliyositishwa isifanane na iliyokamilika, programu inaandika kwanza kwenye jina la muda, na ni returncode ya sifuri tu, yaani ya kufaulu, tena kama mwenyewe hajasitisha, inayoruhusu os.replace ilipe jina la kweli. Jina la muda nilianza kuliishia .sehemu, ffmpeg ikagoma kwa sababu inakisia aina ya faili kutokana na mwisho wa jina. Likawa .sehemu.mp4.

Mwezi uliopita Kaka alinipigia. Anataka programu izime kompyuta yenyewe ikimaliza, awe anaianzisha usiku akiondoka na asubuhi umeme wa LUKU usiwe umeliwa bure. Nikamwambia hilo ni dogo, ni amri moja tu ya nje. Nikaiandika, nikaijaribu kwa kipande cha sekunde nne kwenye laptopu yangu, na ikafanya kazi vizuri mno, huku kodi niliyoiandika asubuhi nzima ikiwa bado sijaihifadhi.

Toleo la studio linasubiri sekunde sitini, na lina kitufe kikubwa cha "Acha".